Mafuta mekundu, mashudu laini: kutafuta chanzo cha hitilafu kwenye kinu cha mbegu za pamba

Kinu kilichozoea alizeti hakigeuki kuwa kinu cha pamba kwa kubadilisha magunia tu. Mbegu ya pamba ya kwetu inakuja na manyoya yaliyobaki baada ya kuchambuliwa, ganda gumu linalonyonya mafuta, na gosipoli, yaani rangi yenye sumu iliyofungwa ndani ya vitezi vidogo kwenye kiini. Lawama nyingi zinazosikika kwenye vinu vya Dar es Salaam, vya Vingunguti, Mbagala na Barabara ya Pugu, iwe mafuta kidogo, mafuta meusi, sabuni isiyotulia chini au mashudu yanayoota ukungu, zina mzizi kwenye kimojawapo cha hivyo, au kwenye unyevu wa mbegu.

Ndiyo maana fundi anayefika na kushika spana moja kwa moja hupoteza siku ya watu. Koni ya ekspela, yaani kizibo kinachobana mdomo wa kutokea mashudu kwenye mashine ya skrubu inayokamua, hukazwa mwisho, baada ya mbegu kupimwa. Hapa chini dalili zimepangwa kufuata njia ya mbegu kutoka ghalani hadi kwenye chupa, kwa sababu hitilafu huonekana mbele ya pale ilipoanzia. Ukiiona kwenye tangi la kusafishia, rudi nyuma hatua mbili ndipo uanze kutafuta.

Kwanza hesabu ya kulinganishia. Tani moja ya mbegu zenye manyoya na mafuta ya asilimia 18 ina kilo 180 za mafuta. Ekspela iliyo sawa, ikikamua mbegu zilizopikwa vizuri, huacha mafuta ya asilimia 6 hadi 8 kwenye mashudu. Mashudu yakiwa kilo 830 na yamebaki na asilimia 7, ndani yake kuna kilo 58 hivi. Unayotoa ni kilo 120, pungufu kidogo kwa machicha, zile chembe za mbegu zinazobaki kwenye chujio. Mashudu yakibaki na asilimia 11, unatoa kilo 84 tu. Kwa kinu cha tani kumi kwa siku, tofauti hiyo ni kilo 360 zinazoondoka kila siku zikiwa ndani ya magunia ya chakula cha ng'ombe. Kwa hiyo kabla ya kusema "mashine imechoka", peleka gramu 200 za mashudu maabara zipimwe mafuta. Bila namba hiyo mnabishana tu.

Rundo la mbegu lina joto

Mbegu nyingi zinazoletwa Dar zinatoka Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita, safari ya karibu kilomita elfu moja. Msimu wa kununua pamba hufunguliwa kwa kawaida Mei, hivyo mbegu hufika mjini wakati wa kiangazi zikiwa kavu, unyevu wa asilimia 8 au 9. Tatizo linaanza zikikaa. Hewa ya pwani huzirudishia maji, vuli ikiingia ghala linalovuja linamalizia kazi, na mbegu ikipita asilimia 10 inaanza kupumua na kujipasha moto yenyewe. Joto hilo huvunja mafuta yakiwa bado ndani ya mbegu na kuzalisha asidi huru, zile ambazo maabara huziandika FFA. Asidi hizo utazilipia baadaye kwa kostiki soda na kwa mafuta yatakayogeuka sabuni.

Kupima ni rahisi. Chomeka nondo ya mita mbili katikati ya rundo, iache nusu saa, ichomoe na ushike ncha yake. Ikiwa na joto kuliko nondo iliyokaa nje, rundo lipitishiwe hewa siku hiyo hiyo: ligeuzwe, au mbegu zitandazwe, na zile za katikati zikamuliwe mwanzo. Usichanganye mbegu zilizoungua na nzima ukidhani utaficha kosa. Asidi na rangi ya mbegu mbovu huharibu tangi zima.

Kipimo cha pili ni wembe. Chukua mbegu 100 kutoka magunia tofauti, zikate katikati. Kiini kizima ni cheupe kinachoelekea njano, chenye vidoa vyeusi vingi kama pilipili manga iliyopondwa. Vidoa hivyo ni vitezi vya gosipoli, ni vya kawaida, visikutishe. Kinachotafutwa ni kiini kilichogeuka kahawia au cheusi chote. Vikizidi kumi katika mia, punguza bei au kataa mzigo. Utingo akisema mbegu zimeloa juu tu kwenye turubai, kata za chini.

Kwenye ghala, magunia yakae juu ya mbao au paleti, yasiguse sakafu ya saruji wala ukuta. Na mbegu yoyote yenye rangi ya kupakwa, nyekundu, kijani au buluu, ni ya kupandia, imetiwa dawa ya wadudu na ukungu. Hiyo haikamuliwi hata kilo moja, si kwa mafuta wala kwa mashudu.

Mbegu hazishuki kwenye hopa

Manyoya hushikana na kutengeneza daraja juu ya mdomo wa ekspela. Mashine inazunguka, ampea zinashuka, vijana wanachokoa kwa fimbo. Fimbo ikiingia kwenye skrubu mnapoteza fimbo, na mtu anaweza kupoteza vidole. Weka kichochezi kinachozunguka ndani ya hopa, fanya kuta zake ziwe za mwinuko mkali, na usijaze kupita nusu. Dawa ya kweli ni mashine ya kunyoa manyoya kabla ya kuvunja mbegu. Kinu kidogo kisichoweza kuinunua kinunue mbegu kutoka kiwanda cha kuchambulia kinachonyoa vizuri, hata kwa bei ya juu kidogo, maana manyoya yenyewe hunyonya mafuta na kuondoka nayo.

Kabla ya hopa pawe na chekecheke na sumaku. Mchanga ndio unaokula skrubu. Msumari mmoja unatosha kupasua chuma cha kizimba, yaani vyuma vinavyozunguka skrubu na kupitisha mafuta katikati yake.

Mafuta kidogo, mashudu laini yanayoteleza

Shika mashudu yanapotoka. Yakiwa laini, yanakunjika, yana mng'ao wa mafuta, na ampea za mota ziko chini kuliko kawaida, mbegu ni mbichi. Maji yamezidi. Chakula, yaani mbegu iliyosagwa inayoingia kwenye ekspela, kinazunguka pamoja na skrubu badala ya kusukumwa mbele, presha haijengeki. Kukaza koni hapa hakusaidii. Kunakuletea tope linalotoka kwenye matundu ya kizimba pamoja na mafuta.

Rudi kwenye jiko la mvuke. Mbegu iliyovunjwa na kusagwa bapa iingie ghorofa ya kwanza ya jiko ikiwa na unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Ikiwa kavu kuliko hapo, nyunyizia maji au mvuke. Iwe kwenye nyuzijoto 85 hadi 90. Ghorofa zinazofuata zinaikausha taratibu hadi itoke kwenye nyuzijoto 105 hadi 115 ikiwa imebaki na maji ya asilimia 3 au 4. Safari nzima ndani ya jiko ni saa moja hivi. Makosa ya kawaida ni mawili: boila haitoi mvuke wa kutosha kwa sababu kuni zimeloa, au mtambo wa kuondoa maji ya mvuke umeziba, jiko limejaa maji ya moto badala ya mvuke. Gusa bomba la kutolea maji kwa kifaa cha kupimia joto: likiwa la uvuguvugu wakati la kuingizia linachoma, hapo ndipo pa kufungua.

Kupima unyevu hakuhitaji maabara kubwa. Pima gramu 50 za chakula kinachoingia kwenye ekspela, weka kwenye oveni ya nyuzijoto 105 hadi uzito uache kupungua, pima tena. Zikibaki gramu 48, umepoteza 2 kati ya 50, yaani asilimia 4. Zikibaki 46, ni asilimia 8, na umejua kwa nini mashudu yanateleza.

Mafuta kidogo, mashudu ya unga au yaliyoungua

Kinyume chake: mashudu yanatoka yakivunjika kuwa unga, yana harufu ya kuungua, moshi unaonekana kwenye koni, ampea ziko juu. Chakula kimekaushwa mno. Legeza koni robo mzunguko, punguza mvuke kwenye ghorofa ya mwisho, ongeza maji kidogo kwenye ya kwanza. Badilisha kimoja kwa wakati, subiri dakika kumi na tano, ndipo uguse kingine. Kinu ambacho watu watatu wanageuza vali tatu kwa pamoja hakijulikani kinaumwa nini.

Mashudu yakiwa mazuri kwa macho, unyevu uko sawa, joto liko sawa, na bado maabara inasema asilimia 10 au 11, sasa unaweza kumwita fundi. Skrubu huliwa zaidi upande wa kutokea mashudu, pale presha ni kubwa. Toa shafti, linganisha kipenyo cha vipande vya mwisho na kipya. Makali yakiwa yamekuwa duara, yajaziwe kwa kuchomelewa na elektrodi ngumu kisha yachongwe, au yabadilishwe. Angalia pia nafasi kati ya vyuma vya kizimba: upande wa kuingilia huwa pana, upande wa mwisho nyembamba, kiasi cha robo milimita. Zikipanuka, machicha yanatoka na mafuta na wewe unalaumu chujio.

Wanaobangua mbegu kabla ya kukamua hukutana na dalili nyingine: viini vitupu bila ganda hata kidogo huteleza kwenye skrubu hata vikiwa vikavu. Rudisha maganda kidogo, asilimia 10 hivi ya uzito, yashike na kuacha njia ya mafuta kupita. Lakini kukamua na maganda yote nako kuna gharama: ganda halina mafuta, linaondoka na mafuta ya viini, na linashusha protini ya mashudu.

Umeme umekatika mashine ikiwa imejaa

Hii Dar haihitaji maelezo marefu. Chakula kikipoa ndani ya kizimba kinakuwa kama saruji. Umeme ukirudi, usibonyeze swichi. Legeza koni yote, zungusha puli kwa mkono kurudi nyuma na mbele. Ikigoma, fungua kizimba uchokoe. Kulazimisha huvunja shafti au meno ya giaboksi. Mota ikinguruma bila kuzunguka, zima mara moja: huenda fezi moja haijarudi, na kifaa cha kulinda mota dhidi ya kukosa fezi ni cha bei ndogo sana ukilinganisha na kusuka mota upya.

Mafuta ghafi ni mekundu mno au meusi

Mafuta ghafi ya pamba ni mekundu yanayoelekea kahawia, hilo ni la kawaida. Swali ni kama rangi hiyo itatoka. Na jibu huamuliwa jikoni, muda mrefu kabla ya udongo wa kupaushia, ule unaochanganywa na mafuta ili unyonye rangi.

Vitezi vya gosipoli hupasuka vikikutana na maji na joto pamoja. Vikipasuka ndani ya jiko lenye unyevu wa kutosha, gosipoli hushikana na protini na kubaki kwenye mashudu. Ukipika chakula kikavu, vitezi vinaingia kwenye ekspela vikiwa vizima, vinapasukia humo kwa presha, na gosipoli yote inakimbilia kwenye mafuta. Hii ndiyo sababu anayeruka hatua ya kunyunyizia maji "kuokoa muda" hupata mafuta yenye rangi ya damu. Kwa upande mwingine, ukipitisha nyuzijoto 120 na kuacha muda mrefu, rangi inaungua na kujifunga ndani ya mafuta, haitoki kwa kostiki wala kwa udongo.

Sababu ya pili ni kuchelewa. Mafuta ghafi yaliyotoka moto kwenye ekspela na kumiminwa kwenye tangi la bati juani, yakingoja wiki mbili mpaka yatoshe kujaza tangi la kusafishia, hujifunga rangi. Yapoze mara baada ya kuchuja, yaweke kivulini, yasafishe ndani ya siku chache. Kinu kisicho na sehemu ya kusafishia kiwe na mnunuzi aliyekubaliana naye tarehe kabla ya kuanza kukamua.

Na tuseme wazi: mafuta ghafi ya pamba si ya kula. Alizeti iliyochujwa tu watu wanapikia. Pamba hapana, kwa sababu ya gosipoli. Anayechuja mafuta ya pamba kwa kitambaa na kuyauza kwenye madumu sokoni anauza sumu, hata kama rangi yake inapendeza.

Chujio limeziba

Kitambaa cha filta presi kikijaa kabla ya saa moja, mara nyingi machicha ni laini mno, dalili ya kizimba kilichopanuka au chakula kibichi. Yapitishe mafuta kwanza kwenye tangi lenye wavu na vibao vya kukwangua, yachujwe yakiwa na nyuzijoto 60 hadi 70, na presha ipandishwe polepole. Ukianza na presha kubwa unapigilia machicha ndani ya kitambaa. Osha kwa maji ya moto yenye kostiki kidogo, suuza, kausha kabisa.

Sabuni haitulii chini, au mafuta mengi yanapotea nayo

Hapa ndipo fedha nyingi huteketea kimyakimya, kwa hiyo tukae kidogo.

Kazi ya kostiki soda kwenye mafuta ya pamba ni mbili: kuondoa asidi huru na kubeba gosipoli na rangi. Ndiyo maana pamba inahitaji ziada kubwa ya kostiki kuliko alizeti. Kipimo kinaanza na FFA. Pima gramu 5.64 za mafuta, ongeza spiriti ya moto iliyoondolewa asidi yake, matone ya fenolfthaleini (dawa inayogeuka waridi ikikutana na kostiki), kisha dondosha kostiki ya nguvu 0.1 N hadi rangi ya waridi ikae nusu dakika. Mililita ulizotumia zidisha kwa 0.5, hiyo ndiyo asilimia. Mafuta yakiwa meusi rangi ya waridi haionekani. Ongeza spiriti mara mbili, tikisa, acha itengane na uangalie tabaka la juu. Gosipoli nayo ni asidi, hivyo namba hutoka juu kidogo, usishangae.

Mfano. Mafuta kilo 1000, FFA asilimia 2. Kostiki ya kuondoa asidi, kilo 0.142 kwa kila kilo ya asidi huru: 1000 × 0.02 × 0.142 = kilo 2.84. Ziada ya asilimia 0.4 ya uzito wa mafuta: kilo 4. Jumla kilo 6.84 za kostiki kavu. Ukitengeneza maji ya kostiki ya nyuzi 20 za Baumé (kipimo cha uzito wa maji kinachosomwa kwa haidromita), ambayo yana asilimia 14.36 ya kostiki, unahitaji kilo 47.6 za maji hayo. Kwa kostiki ya vipande ya asilimia 98, ni kilo 7 za vipande ndani ya kilo 40.6 za maji. Kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, miwani usoni na glavu mkononi. Ukigeuza, maji yanaruka yakichemka. Chombo kiwe cha chuma au stenlesi. Sufuria ya alumini inaliwa na kutoa gesi inayolipuka.

Sasa kosa linaloenea: kutumia kipimo cha wiki iliyopita. Mzigo mpya wenye FFA ya asilimia 6 unahitaji kilo 8.52 kwa asidi peke yake. Kilo zako 6.84 hazifiki hata hapo, seuze ziada ya kuondoa rangi. Unapata mafuta mekundu, sabuni laini inayoelea, na mtu anasema kostiki ni feki.

Kama huna uhakika na ziada, jaribu kwenye chupa. Gramu 500 za mafuta katika chupa tatu, ziada ya 0.3, 0.4 na 0.6. Kwa FFA ya asilimia 2 hizo ni gramu 20.3, 23.8 na 30.8 za maji ya kostiki yaleyale. Koroga, pasha, acha yatulie, linganisha rangi ya mafuta ya juu na ujazo wa sabuni chini. Chagua ndogo inayotoa rangi unayoitaka. Kuongeza "kwa usalama" ni kugeuza mafuta mazuri kuwa sabuni.

Kwenye tangi: anza mafuta yakiwa na joto la hewa ya mjini, nyuzijoto 30 hivi. Mimina maji ya kostiki huku unakoroga kwa kasi, dakika 15 hadi 30. Kisha punguza mkorogo uwe wa polepole na upashe hadi 60 au 65. Chota kwenye kijiko cheupe: utaona chembe za kahawia zinajikusanya na mafuta kati yake yanakuwa angavu. Chembe zikishaanza kuanguka, zima mkorogo na mvuke, funika, acha saa 8 hadi 10.

Zisipoanguka, angalia mambo haya kwa mpangilio huu. Je, mkorogo uliendelea kwa kasi baada ya kupasha? Hapo umetengeneza krimu. Je, maji ya kostiki yalikuwa hafifu? Pima kwa haidromita, usikisie kwa ulimi wa mzoefu. Je, maji yaliyotumika ni ya kisima? Visima vingi vya Dar vina chumvi na chokaa. Chokaa huleta sabuni ngumu isiyoyeyuka inayoning'inia katikati. Tumia maji ya bomba ya DAWASA, na bora zaidi maji yaliyorudi kutoka kwenye mvuke wa boila, maana hayana chokaa. Krimu ikishatokea, pasha hadi 75, nyunyizia juu maji ya chumvi ya mezani ya asilimia 10, kiasi cha asilimia 3 hadi 5 ya mafuta, bila kukoroga kwa nguvu, na usubiri tena. Haijawahi kuwa busara kumwaga tangi zima kwa sababu ya krimu.

Baada ya kutoa sabuni, osha kwa maji ya moto ya nyuzijoto 85 hadi 90, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mafuta, mara mbili au tatu. Maji ya mwisho yakiguswa na fenolfthaleini yasiwe ya waridi. Sabuni iliyobaki ni adui wa hatua inayofuata.

Udongo hautoi rangi

Kabla ya kuongeza udongo, kausha mafuta kwa vakyumu kwenye nyuzijoto 90 hadi 95 mpaka povu liishe. Maji na sabuni huziba vinyweleo vya udongo, na kilo ya tatu haitafanya ambacho ya kwanza ilishindwa. Kawaida ni asilimia 1 hadi 2 ya udongo ulioamshwa, nyuzijoto 95 hadi 105, dakika 20 hadi 30, chini ya vakyumu. Poza hadi 70 kabla ya kuruhusu hewa. Rangi ikikataa hata baada ya hapo, rudi kwenye jiko la mvuke, ilijifungia kule.

Mafuta yana harufu, yanatoa povu, au yameganda

Harufu ya mbegu hutoka kwa kupasha nyuzijoto 220 hadi 240 chini ya vakyumu kali na mvuke wa kupuliza. Ikibaki, vakyumu inavuja: funga pampu, uone kipimo kinapanda haraka kiasi gani. Harufu ikirudi baada ya wiki chache, tafuta koki na mabomba ya shaba. Shaba huchochea mafuta kuchacha, weka stenlesi.

Muuza chipsi akilalamika kwamba mafuta yanapanda povu na kumwagika kwenye karai, ni sabuni au gundi za mafuta zilizobaki. Pima sabuni kwenye shehena hiyo kabla ya kubishana naye. Kama shehena ni safi, muulize amechanganya na nini.

Malalamiko ya kuganda hayatoki Dar. Yanatoka Njombe, Makete na Arusha, Juni na Julai. Mafuta ya pamba yana asidi ya palmitiki ya asilimia 22 hadi 26, na sehemu hiyo hugeuka ukungu mweupe kwenye baridi. Weka chupa kwenye maji ya moto: ikiwa safi kabisa na kubaki safi ikirudi kwenye joto la chumba, ni mafuta mazito tu, hayajaharibika. Ikibaki na wingu, kuna maji au sabuni. Anayetaka kuuza nyanda za juu apoze mafuta polepole hadi nyuzijoto 5 hadi 7 kwa siku mbili au tatu bila kukoroga kwa nguvu, kisha achuje. Ukipoza haraka, fuwele zinakuwa ndogo na chujio linaziba.

Vitamini A huongezwa mwishoni, mafuta yakiwa yamepoa. Chupa angavu iliyoanikwa juani mbele ya duka inaipoteza; mwambie msambazaji.

Mashudu yameota ukungu, au mayai yamebadilika rangi

Ukungu kwanza: mashudu yamefungwa kwenye gunia yakiwa moto. Mvuke unagandia ndani ya kiroba na kuloanisha. Yatandaze hadi yafikie karibu joto la hewa, yawe chini ya asilimia 10 ya unyevu, ndipo yashonwe. Mashudu ya moto yenye mafuta mengi yakirundikwa yanaweza pia kuwaka yenyewe.

Ng'ombe wakubwa wanamudu gosipoli, kwa hiyo wafugaji wa maziwa ndio soko lenu la asili. Ndama, nguruwe na kuku hawaimudu. Mfugaji wa kuku wa mayai akirudi na viini vyenye rangi ya kijani iliyofifia, au ute wenye rangi ya waridi baada ya mayai kukaa, ni pamba. Usimwambie apunguze kidogo; mwambie mashudu haya si ya kuku wa mayai. Kwa nguruwe, viwanda vya chakula huongeza salfati ya chuma, chuma sawa kwa uzito na gosipoli huru, lakini hilo linahitaji kipimo cha gosipoli cha maabara, si makadirio. Andika kwenye gunia ni ya mnyama gani.

Vinavyobaki

Maganda ni kuni nzuri za boila na ni lishe ya kujaza tumbo la ng'ombe. Kinachosumbua ni majivu yanayoziba mabomba ya moto, yasafishwe kila wiki. Manyoya mafupi yahifadhiwe mbali na uchomeleaji, maana cheche moja inatosha. Tope la sabuni liuzwe kwa watengeneza sabuni likiwa jipya. Likikaa siku nyingi kwenye joto la Dar linachacha na kunuka, na likimwagwa mtaroni linaganda na kuleta majirani na maofisa wa mazingira mlangoni.

Udongo uliotumika kupausha unabeba mafuta ya robo ya uzito wake, na ukirundikwa mkavu nyuma ya kiwanda unajipasha moto hadi kuwaka, wakati mwingine saa kadhaa baada ya zamu kuondoka. Uloanishe kwa maji unapotoka kwenye chujio, utandazwe kwa tabaka nyembamba mbali na ukuta na magunia, na usikae usiku ndani ya jengo.